Hiyo Ni Tindoi

4 Machi

Muuguzi wa zahanati amesema niandike kila siku Bibi amekula nini, amelala vipi na amesahau nini, ili daktari akija apate pa kuanzia. Nimemwambia mimi ni fundi cherehani, si karani. Akasema hata "kala, kalala" inatosha.

Basi. Kala uji. Kalala mchana. Kasahau kwamba Babu alishafariki, akamuulizia, halafu akakumbuka mwenyewe. Mvua bado. Joto linakera na kitambaa kinanata mikononi.

7 Machi

Kala. Kalala. Hakusahau kitu, hata kikombe nilichokivunja nikiwa darasa la pili.

9 Machi

Leo mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameleta oda ya sketi za marinda. Shule zikifunguliwa mwishoni mwa Aprili kila msichana awe nayo. Mjomba amefurahi mpaka amempigia saluti. Mjomba ndiye mkataji wetu, mimi nashona, na Bibi anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango kutusimamia, ingawa siku hizi anasimamia zaidi usingizi.

Mwalimu aliniona nikiangalia mfuko wa shati la mteja, uliokwenda upande. Akasema, "Si uufumue tu?"

"Hapa hatufumui, mwalimu. Hiyo ni tindoi."

"Tindoi ndiyo nini?"

Nikaendelea kuugeuza ule mfuko. Sijawahi kuulizwa. Ni kama mtu akuulize maana ya "hapana".

Watu wengine wana miiko, sisi tuna tindoi. Kupiga mluzi ndani ya nyumba ni tindoi. Kuacha mkasi mdomo wazi juu ya meza ni tindoi. Kujipima mwenyewe nguo yenye pini, tindoi. Lakini tindoi kubwa kuliko zote ni kufumua. Mshono ukishafungwa haufumuliwi chini ya paa hili. Kwa fundi hilo ni sawa na mpishi kukatazwa kuonja. Kwa hiyo tukikosea, nguo inakunjwa, inatiwa kwenye mfuko na kupitishwa mlango wa nyuma mpaka kwa jirani tunayemwita Fundi Viraka. Yeye anaifumua huku anatucheka, na nguo inarudi kwa njia ileile. Wateja wanaamini mkono wetu haukosei. Fundi Viraka anajua ukweli wote na anautunza vizuri, maana naye kwetu anapata chai.

Aliyekuwa akilitamka tindoi mno ni Babu. Utoto wangu wote nimekulia chini ya neno hilo. Nikinyoosha mkono, tindoi. Nikiegemea dirisha, tindoi. Hakunipiga hata siku moja, lakini nilimwogopa kuliko mvua ya radi. Sikumlilia sana alipokufa, na sioni haya kuliandika hilo.

10 Machi

Nimemuuliza Bibi. "Bibi, tindoi maana yake nini?"

"Maana yake usifanye."

"Limetoka wapi?"

"Limetoka mdomoni. Shona."

11 Machi

Nimemgeukia Mjomba. Kwanza kasema lilikuwa jina la kampuni ya sindano ya zamani. Halafu kasema Babu alikuwa akipiga chafya hivyo. Nilipomwambia aache kunipiga chenga, akasema ni lugha ya majini, na mimi niendelee kuchokonoa tu, watanijibu wenyewe.

Alikuwa anacheka, lakini mkasi ulikwenda upande. Mjomba anaweza kukata kitambaa huku anasinzia na mstari ukanyooka. Nimeona.

15 Machi

Mvua imeanza. Kala vizuri.

16 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza ya pasi. Tumeisogeza.

20 Machi

Kala nusu. Kaniuliza kama amerudi. Nikamuuliza nani. "Wewe huwezi kumjua," akasema, kwa upole, kama anayemwambia mgeni kwamba amekosea nyumba. Nilijisikia vibaya zaidi kuliko kama angenigombeza. Bibi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kuna nani wake ambaye mimi siwezi kumjua?

23 Machi

Bibi ameuliza tena. Mara hii alimuuliza Mjomba. Mjomba akatoka nje kwenye mvua, akasimama chini ya bati la jirani mpaka shati likalowa mgongo mzima, akarudi akisema alikuwa anaangalia mfereji.

28 Machi

Maji yameingia chumbani kwa Fundi Viraka mpaka kitandani. Ameweka mashine yake juu ya kabati na kwenda kwa binti yake mpaka pakauke. Alipokuwa anaaga kamwambia Mjomba, "Msikosee mpaka nirudi." Tumecheka sana.

2 Aprili

Nimekosea.

Sijakosea sketi moja wala mbili. Ni karibu oda nzima. Shule inataka marinda yalalie kulia na mimi nimeyalaza kushoto, yote, vizuri kabisa, yamepigwa pasi na kufungwa kiuno. Mwalimu mkuu alipita asubuhi kuona kazi, akaishika moja, akaigeuza, akaweka chini. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba wasichana wakipanga mstari huku wa sketi za zamani wanaelekea kulia na hawa kushoto, wataonekana shule mbili. Akaondoka na mwavuli wake.

Mjomba alishika kichwa. Fundi Viraka hayupo. Mafundi wa barabara kuu wamezidiwa na sare za shule zao.

"Tununue kitambaa kingine," akasema.

"Kitambaa kipo, Mjomba. Kimeshonwa vibaya tu. Nipe wembe."

"Humu ndani?"

"Wapi tena? Nikakae mferejini?"

"Unajua ni tindoi."

"Najua ni tindoi. Nieleze tindoi ni nini nami nitaacha."

Mjomba akaangalia kiti cha Bibi. Bibi alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mjomba akaniwekea wembe mezani polepole, kama anayeweka yai, akaenda kujifanya anapanga majora.

Nikakaa dirishani, maana leo giza la mawingu lilikuwa zito na hapo ndipo penye mwanga. Nina zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa nasubiri sauti ya Babu itoke ukutani. Nikaingiza ncha ya wembe chini ya uzi wa kwanza. Ukakatika kwa kamlio kadogo. Hakuna kilichotokea. Nikaendelea, nikiuvuta uzi, nikiupuliza, nikiuweka pembeni. Nikagundua kwamba naipenda kazi hii. Mshono unafunguka na kitambaa kinarudi kuwa kitambaa, kimebaki na vitundu tu ambavyo pasi na maji vitavifunga.

Sikujua kwamba Bibi ameamka mpaka aliposema, "Tindoi."

Nikaganda. Nikaficha wembe chini ya sketi kama mtoto. Nikasema, "Nisamehe Bibi, hakuna njia nyingine."

Lakini hakuwa anakataza. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na sijawahi kulisikia likisemwa hivyo. Alilisema kwa sauti ya chini, laini, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. Alikuwa ananitazama mimi, dirisha, mikono yangu na uzi uliolala pembeni.

"Tindoi, mama. Umeshakula?"

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa ameshika jora kifuani kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka bila hata kujaribu kuyafuta.

"Muitikie," akaninong'oneza.

"Abee," nikasema. "Bado sijala."

"Basi acha hiyo kazi ule kwanza," akasema Bibi. "Baba yako hatakasirika. Mimi nipo."

3 Aprili

Mjomba amenieleza yote leo, tukiwa tunafumua pamoja. Yeye hajawahi kufumua na amejikata vidole mara nyingi, lakini amekataa kuacha.

Tindoi ni mtu. Ni dada yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi na Babu, yaani ni mama mkubwa kwangu, na mimi sikuwahi kusikia kwamba yupo. Hilo silo jina lake la kwenye cheti. Ni jina la mapenzi alilopewa na Babu mwenyewe akiwa mchanga, halina maana yoyote, sauti tu ambayo baba humtolea mtoto anapomrusha juu. Alipokua akawa mkono wa kulia wa Babu dukani. Mjomba anasema yeye alijifunza kukata kwa kumwangalia dada yake, na kwamba mpaka leo hajamfikia.

Babu alimtafutia mume, mtoto wa rafiki yake. Dada mtu akasema hamtaki. Babu akasema atamtaka baadaye. Akamshonea gauni la harusi mwenyewe, kila mshono kwa mkono wake, bila kumwachia mtu mwingine hata kifungo. Asubuhi ya harusi wakaenda kumwamsha. Kitanda kitupu. Gauni lilikuwa limefumuliwa lote, vipande vimekunjwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, hakuna hata kimoja kilichochanika, na uzi ulikuwa umezungushwa tena kwenye kibonge. "Hata kwa kutoroka," Mjomba akasema, "alikuwa fundi."

Babu akasema jina la yule mtu lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Likafungwa.

"Sasa siku moja," Mjomba akasema, "mimi bado mdogo, nikakosea pindo. Nikachukua wembe, nikakaa pale dirishani alipozoea kukaa yeye. Mama akaingia kutoka uani, akaniona, likamtoka. Tindoi! Baba akaacha kukanyaga mashine. Akainua kichwa. Mimi nilijua leo nyumba inawaka. Akamtazama Mama, akamtazama, kisha akanigeukia mimi akasema, 'Umemsikia mama yako? Hiyo ni tindoi. Weka chini.'"

"Akalifanya neno."

"Akalifanya neno. Tangu siku hiyo kila kitu kikawa tindoi. Mkasi tindoi, mluzi tindoi, dirisha tindoi. Mama naye hivyohivyo. Hawakuwahi kulizungumza. Mama yako alijua, mimi nilijua, basi."

Nikauliza mama mkubwa yuko wapi sasa, nikitegemea nitaambiwa kaburini.

"Yuko hai. Anashona mapazia kwenye mji ninakofuata vitambaa. Huwa napita kumsalimia."

Wembe ukaniponyoka. Miaka yote hiyo. Nikamuuliza kama amewahi kumwambia kwamba anaitwa kila siku nyumbani kwao.

"Ningemwambiaje?" akasema. "Jina lako tumelifanya kemeo? Niliona aibu."

4 Aprili

Kala bakuli zima, kutoka mkononi mwangu. Ananiita Tindoi tangu asubuhi.

5 Aprili

Niandike ukweli, kwa kuwa daktari hatasoma kufika ukurasa huu. Naona wivu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemkata kucha, ninayejua upande upi wa mgongo unamwasha. Amenipenda, sina shaka. Lakini hajawahi kuniita hata mara moja kwa sauti ile. Sasa ananiita nayo kutwa nzima, na si mimi anayeniita.

Na Babu. Nimekaa nikiyakumbuka yale makemeo moja baada ya jingine, na kila moja limegeuka mikononi mwangu. Mzee wa watu alikuwa amelifunga jina kwa mdomo wake na hakuwa na njia ya kulifungua bila kujiaibisha, akapata kaupenyo hako. Alikuwa anamwita mwanawe mbele yetu sote, na sisi tunarudisha mikono nyuma tukidhani tumekosa. Leo nimemlilia, mwaka wa nne tangu azikwe.

6 Aprili

Nimempigia simu. Mjomba alinipa namba akatoka nje, eti mfereji.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mtoto wa mdogo wako. Yule aliyefariki."

"Una sauti yake," akasema. Halafu, "Kuna msiba?"

"Hapana. Bibi amechoka. Anasahau, anakula kidogo, na anakuulizia wewe. Muuguzi amesema tusitegemee sana kwamba ataufikia msimu ujao. Tunakuomba uje."

"Ananiulizia leo. Baba alipokufa hakuna aliyeniita. Nilisikia baada ya mazishi. Jina langu si limepigwa marufuku humo?"

"Jina lako halitajwi, ni kweli."

"Basi mwanangu, nakutakia kazi njema."

"Lakini Tindoi linatajwa kila siku."

Nikaogopa simu imekatika, nikaongea harakaharaka kabla roho haijaniishia. Nikamweleza kuhusu pindo la Mjomba, na kufumua, na mkasi, na mluzi, na Fundi Viraka na mlango wa nyuma.

"Baba naye?" akauliza. "Baba alikuwa analitamka?"

"Kuliko sisi sote. Hata alipolala hoi hospitali. Muuguzi alitaka kumvua shati ambadilishie, akasema tindoi. Akarudia, tindoi, tindoi. Tulidhani anakataa kuvuliwa shati. Tukamwambia muuguzi amwache."

Akasema, "Kata simu. Nitakupigia."

7 Aprili

Hajapiga. Mvua.

8 Aprili

Hajapiga. Kala vijiko viwili.

9 Aprili

Mvua. Tumemaliza kufumua. Naanza kulaza marinda upya, kulia, kulia, kulia.

11 Aprili

Amepiga. Kaniuliza jambo moja tu, kama barabara ya kuja huku imefunguka. Nikamwambia daraja limefunikwa na maji na magari yamesimama pande zote mbili. Akasema, "Nitasubiri upande wa huku." Kumbe alikuwa ameshafika darajani. Amepanga kitanda kwa mama mmoja anayeuza chai ya madereva.

Mjomba alipata habari akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa, akacheka mpaka akakohoa.

12 Aprili

Bibi ana homa. Anakula tu nikiwa Tindoi. Nikimwambia ni mimi, mjukuu wako, anafunga mdomo na kugeukia ukuta. Kwa hiyo naitika. Ananiuliza kama nilipata pa kulala usiku ule, kama nilikuwa na njaa, kama nilibeba nguo ya baridi. Namjibu nilipata, sikuwa na njaa, nilibeba. Sijui kama nadanganya. Kila nikimaliza naomba maji yapungue.

14 Aprili

Mvua. Maji hayajapungua.

15 Aprili

Homa imeshuka. Mvua imeshuka pia, manyunyu tu.

17 Aprili

Jua kwa muda. Fundi Viraka amerudi kuanika godoro. Ameona kibonge cha nyuzi zilizofumuliwa mezani kwetu akaduwaa. "Nani kafumua humu?" Mjomba akamwambia, "Mwenye nyumba anarudi, ndugu yangu. Sheria zimebadilika."

18 Aprili

Daraja limefunguliwa kwa magari madogo.

19 Aprili

Amekuja.

Nilimjua kabla hajasema kitu, kwa jinsi alivyosimama mlangoni akapapasa pindo la pazia letu na kuligeuza kuona mshono wa ndani. Mwanamke mrefu, nywele zimeingia mvi mbele, viatu vimejaa tope. Mjomba alimkumbatia akashindwa kumwachia, mpaka dada mtu akamgonga mgongoni. "Haya, utanivunja, na sijakaa bado."

Bibi alikuwa macho kwenye kiti chake, amefunikwa shuka. Nilikuwa nimemchana nywele. Mama mkubwa akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," akasema Bibi kwa adabu. "Karibu mgeni. Umetoka mbali, naona viatu. Tindoi, mletee mgeni maji."

Alikuwa anaongea na mimi.

Nilimtazama mama mkubwa nikitaka kumwambia nisamehe, nimekukalia jina lako. Nikafungua mdomo nimwambie Bibi ukweli. Mama mkubwa akatikisa kichwa. "Nenda kalete maji," akaniambia polepole. "Nina kiu kweli."

Niliporudi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kiti, na Bibi anampigia hadithi kama wafanyavyo wazee wakipata sikio jipya.

"Huyu ni binti yangu mkubwa," akasema akininyooshea kidole. "Alikuwa amepotea. Watu wanasema baba yake hakumtafuta. Waongo. Mimi ndiye ninayejua, na hata hawa watoto sijawaambia. Alimtafuta. Alitoka hapa na shati lake jeupe, akaniaga anakwenda kufuata vitambaa. Nikamjua ni uongo, nani anabeba majora akiwa amevaa shati jeupe? Akafika mpaka kwake. Mpaka mlangoni, mgeni wangu."

Mjomba alikuwa ameacha mkasi mdomo wazi juu ya meza. Hakuna aliyeukumbuka.

"Akarudi peke yake," akaendelea Bibi. "Nikamuuliza, hukumkuta? Akasema nimemkuta. Nikamuuliza, amekufukuza? Akasema sikugonga. Nikamwambia, mwanamume wewe, umesafiri kutwa nzima, umesimama kwenye mlango wa mwanao, hukugonga kwa nini? Akakaa kitandani, akavua viatu. Akasema, nilisikia cherehani inalia ndani, na yeye anaimba. Humu kwetu hakuwahi kuimba. Niliona nikigonga atanyamaza."

Mama mkubwa aliinamisha kichwa kwenye goti la Bibi. Bibi hakushangaa. Akaweka mkono wake juu ya zile mvi, akawa anazipapasa kama anayeangalia aina ya kitambaa.

"Angegonga, mama," mama mkubwa akasema. "Mwambie angegonga. Angefunguliwa."

Bibi akafikiri.

"Akirudi nitamwambia," akasema. "Nitamwambia mgeni amesema agonge."